Mfanyakazi Aamriwapo Kuchafua

Wazee wetu walituachia methali isemayo: "Mtumikie kafiri upate mradi wako." Walitaka kumfundisha kijana atokaye nyumbani kwenda kutafuta kibarua kwamba asichague mno bwana wa kumtumikia, avumilie ugeni, avumilie maneno makali, mradi mwisho wa mwezi arudi na kitu mkononi. Shauri hilo ni la busara, na jamaa nyingi zimelelewa kwalo. Lakini kila shauri lina mpaka wake. Methali yatuambia tumtumikie. Haituambii tumtumikie katika lolote atakalo. Juma hili twapenda kuuliza mpaka huo uko wapi, hasa kwa mfanyakazi ambaye kampuni yake yatia sumu katika maji, katika hewa, au katika udongo wautegemeao watu wengine.

Swali hili si la wataalamu peke yao. Dereva wa lori aambiwa akayamwage maji machafu ya kiwanda bondeni usiku, watu wakiwa wamelala. Karani aambiwa aandike katika daftari kwamba mtambo wa kusafisha moshi ulifanya kazi siku thelathini, naye ajua kwamba ulizimwa siku ishirini ili kuokoa gharama. Mkemia aambiwa achote maji ya kupima juu ya mahali bomba linapomwagia mtoni, si chini yake. Mlinzi wa lango aambiwa amcheleweshe mkaguzi nje mpaka mambo ya ndani yawekwe sawa. Kila mmoja wao ana karo ya kulipa, ana kodi ya nyumba, ana wazazi kijijini wamngojao. Hakuna hata mmoja aliyeajiriwa ili amdhuru mtu. Tena kila mmoja, akitazama kazi yake pekee, haoni ubaya mkubwa ndani yake. Hapo ndipo ugumu ulipo. Uovu wa namna hii hukatwa vipande vidogo vidogo, kila mtu akapewa kipande kisichomtisha, na aliyekula sumu mwishoni hajui amdai nani.

Tusiseme mambo ya kuwaza tu. Tutazame lililotokea kwa jirani zetu wa Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya mtaa wa Owino Uhuru, wakaapo watu wapatao elfu tatu, wengi wao maskini. Betri huvunjwa ili kupata madini ya risasi yaliyomo ndani, nayo huyeyushwa yakauzwa tena. Kazi hiyo ikifanywa bila hadhari, moshi na vumbi hubeba risasi mpaka ndani ya nyumba, juu ya vyombo vya kulia, juu ya udongo wachezeapo watoto; na maji yenye asidi hutiririka kuelekea makao ya watu. Risasi huwadhuru wakubwa, lakini watoto huwadhuru zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo ungali unakua. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kipimo chake kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, ashughulikie uhusiano wa kiwanda na watu wa mtaani. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia uchunguzi wa madhara ya kiwanda kwa mazingira. Wataalamu walipokwisha kutoa maoni yao, aliwashauri wakubwa wake kwamba kiwanda kihamishwe, maana kilikuwa karibu mno na nyumba za watu. Shauri lake halikukubaliwa, akapewa kazi nyingine. Wakati huo mtoto wake mchanga aliugua sana. Kwanza ugonjwa ulidhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo. Damu ilipopimwa zaidi, ikaonekana ina risasi. Naye mama alikuwa akimnyonyesha.

Hapo aliacha kazi. Alishughulika watoto wengine wa mtaa wapimwe, na damu yao pia ikaonekana kuwa na risasi. Aliwakusanya wakazi, akaandika barua, akapeleka malalamiko katika ofisi za serikali. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wenzake na kushtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya mazingira iitwayo Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na ikaona kwamba hata vyombo vya serikali vilivyopaswa kuwalinda vilishiriki katika kosa. Hukumu hiyo ilipingwa katika Mahakama ya Rufani, ikatenguliwa, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoirudisha. Tokea mama yule kuajiriwa mpaka hukumu ya mwisho ni miaka kumi na mitano. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Watu wengi hulisimulia jambo hili kama habari ya shujaa, na kweli ni shujaa. Sisi twapenda kusimama mahali pengine katika habari hiyo. Kulikuwa na siku ambapo maoni ya wataalamu yalikuwa mezani, na shauri la mfanyakazi limekwisha kukataliwa, lakini jina la mtoto mgonjwa bado halijajulikana. Siku hiyo sumu ilikuwa neno katika karatasi. Wakubwa waliisoma karatasi, wakaiweka kando. Hatudhani walikuwa watu wa kuchinja. Huenda jioni walirudi kwao, wakawabeba watoto wao. Ila watoto waliotajwa katika karatasi hawakuwa wao. Je, sisi tungaliisomaje karatasi hiyo? Je, hapana budi sumu iingie katika damu ya mwana wetu ndipo tuiite sumu?

Mtu aweza kusema: wale walikuwa wakubwa, mdogo hana hatia, kwa kuwa ametumwa, na mjumbe hauawi. Udhuru huu ni wa zamani sana, na umekwisha kupimwa. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa 11 alilaani maoni kadhaa ya walimu walioilegeza mno sheria ya maadili. Mojawapo lilimhusu mtumishi ambaye bwana wake ataka kuingia dirishani ili amtende msichana uovu. Mtumishi amwinamia bwana wake apande mabegani, au amchukulia ngazi, au amfungulia mlango. Walimu wale walisema kwamba hatendi dhambi ya mauti ikiwa afanya hivyo kwa kuogopa hasara kubwa, kama kutendewa vibaya na bwana wake, kutazamwe kwa jicho kali, au kufukuzwa nyumbani. Papa alikataa maoni hayo. Msomaji atambue jinsi hofu zile zilivyo hofu za leo: mateso kazini, jicho la msimamizi, kufukuzwa. Hazikupuuzwa kwa kuwa ni ndogo. Zilikataliwa kwa kuwa msichana aliye ndani ya nyumba hakuulizwa kama akubali kulipia usalama wa mtumishi.

Hata hivyo haikusemwa kwamba kila mtumishi wa nyumba ile ni mshiriki sawa. Walimu wa maadili, hasa Mtakatifu Alfonsi wa Liguori katika karne ya 18, walitenganisha ushiriki wa namna mbalimbali, na twaona yafaa kila mfanyakazi ajue mgawanyo huo. Yuko autakaye uovu wenyewe pamoja na bwana wake: huyo hana udhuru. Yuko asiyeutaka, lakini kazi yake yausaidia. Kwa huyu wa pili twauliza: Je, tendo lake lenyewe ni baya, au ni jema likatumiwa vibaya na mwingine? Mkono wake uko karibu na dhara, au mbali? Dhara lenyewe ni kubwa kiasi gani? Na sababu yake ya kubaki ni nzito kiasi gani?

Tupime kwa mifano yetu. Mpishi awapikiaye chakula wafanyakazi wa kiwanda kichafuacho mto yu mbali. Kupika ni jambo jema, na kiwanda hakihitaji ugali wake ili kimwage sumu. Asisumbuliwe dhamiri. Fundi atengenezaye mashine yu karibu kidogo, lakini mashine yenyewe yaweza kutumika bila kudhuru; abaki, ila atumie nafasi yake kusema. Dereva ashikaye usukani usiku ule, akafungua bomba mwenyewe bondeni, hana tofauti na ashikaye ngazi. Karani aandikaye hesabu ya uongo yu mbaya zaidi ya adhaniavyo, ijapokuwa mikono yake haina tope. Maana dereva amemwaga lori moja, na daftari la karani lafunika malori yote, lamzuia mkaguzi asione, lamnyima mama wa kijiji nafasi ya kujua maji ateketayo yana nini. Mtu aweza kuazima mikono yake kwa mwajiri, sahihi hawezi kuiazima, maana ni yeye mwenyewe asemaye, "Mimi nimeona, nami nashuhudia."

Hayo hayako Afrika tu. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilikuwa imetia katika magari yake ya dizeli programu ya kompyuta iliyotambua wakati gari linapopimwa. Penye kipimo moshi ulikuwa safi. Barabarani magari yalitoa gesi za naitrojeni kupita kiasi cha sheria, mengine hata mara 40. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Agosti 2017 mahakama mjini Detroit ilimhukumu mhandisi mmoja wa kampuni hiyo kifungo cha miezi 40 na faini ya dola 200,000. Hakuwa mwenye kampuni, wala hakuwa mkuu wake. Alikuwa mtu wa kazi, aliyeitumikia kampuni hiyo kwa miaka mingi, na wakili wake alimtetea kwa kusema kwamba alipotoshwa na utii kwa mwajiri wake. Twamhurumia kwa kweli. Lakini tuone kwamba utii haukumlinda. Kampuni yaweza kulipa faini ikaendelea kuuza. Mtu aliyetii huingia gerezani kwa miguu yake miwili.

Udhuru wa pili husikika mara nyingi zaidi: "Nisipofanya mimi, atafanya mwingine." Huenda ni kweli. Hata hivyo maneno hayo yasema habari za mwingine. Hayasemi neno lolote juu yangu. Mwizi naye aweza kusema kwamba mlango ulikuwa wazi, na kama si yeye angeingia jirani. Tena si kweli kila mara. Uovu uliokatwa vipande wahitaji kila kipande. Dereva mmoja akikataa, msimamizi lazima amtafute wa pili, amweleze, amshawishi. Na jambo lililohitaji kuelezwa limeanza kuonekana lilivyo.

Udhuru wa tatu si udhuru, ni kilio: "Watoto wangu watakula nini?" Hapa hatuthubutu kujibu upesi. Mhariri aketiye penye meza yake hafukuzwi kazi kwa kuandika kwamba wengine wakubali kufukuzwa. Twajua hali ya ajira ilivyo. Twajua kwamba mshahara mmoja mara nyingi hulisha watu wanane. Twajua pia kwamba kiwanda kikifungwa ghafula, wa kwanza kulala na njaa ni wale wale waliokuwa wakivuta moshi wake. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila aonaye uchafu aache kazi kesho asubuhi. Aachaye upesi mno humwachia nafasi asiyejali, naye apoteza sauti aliyokuwa nayo ndani.

Basi afanye nini? Kwanza, ajue. Mtu asijifanye kipofu ili abaki bila hatia. Kutotaka kujua ni namna ya kujua. Aulize kilichomo ndani ya pipa asukumalo. Pili, aseme ndani, kwa heshima na kwa maandishi, akatunze nakala. Maana neno lililosemwa koridoni hukanwa kesho. Ikiwezekana aseme pamoja na wenzake au kwa chama cha wafanyakazi, kwa kuwa ni vigumu kumfukuza mtu kumi kuliko mmoja. Tatu, akatae tendo lenyewe la kudhuru na sahihi yenyewe ya uongo, hata kama abaki katika kazi nyingine zote. Nne, wakubwa wakiziba masikio na watu wakiwa hatarini, apeleke habari kwa wenye mamlaka. Katika nchi yetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 yahusu pia habari za matendo haramu na ya hatari. Hatusemi kwamba sheria yamkinga mtu na kila pigo. Twasema kwamba ipo, na wengi hawajui kama ipo. Tano, na mwisho, yasipowezekana hayo yote, na kubaki ni kushika ngazi kila siku, hapo aondoke.

Tena mzigo hauwi sawa kwa wote. Kadiri mtu alivyo juu, ndivyo mshahara wake ulivyo mnono, ndivyo awezavyo kupata kazi nyingine, ndivyo sauti yake isikikavyo. Meneja anyamazaye hawezi kujificha nyuma ya kibarua aliyenyamaza. Nao wenye mali, wampao mfanyakazi wao kuchagua kati ya ugali wa wanawe na maji ya wana wa jirani, wamekwisha kumtenda uovu hata kabla hajachagua.

Bado neno moja, nalo latuhusu sisi tusiofanya kazi viwandani. Mara nyingi atakaye kukataa hazuiwi na bwana mkubwa; azuiwa na nyumba yake mwenyewe. Awaza atakavyomweleza mke wake, au mumewe. Awaza ndugu watakaomcheka na kusema, "Ametupa kazi kwa ajili ya samaki wa mtoni!" Awaza mama mkwe. Nasi twamsifu mama yule wa Mombasa kwa kuwa yu mbali nasi na amekwisha kupewa tuzo. Lakini binti yetu akirudi nyumbani akisema amekataa kutia sahihi, twampokeaje?

Katika jumuiya zetu ndogondogo twajua kuchanga. Twachangia arusi, twachangia msiba, twachangia mgonjwa, na hiyo ni sifa njema ya watu wetu. Je, ni jumuiya gani iliyowahi kumchangia karani aliyefukuzwa kwa kukataa kuandika uongo? Ni jamaa gani iliyowahi kusema, "Karo ya miezi mitatu ni juu yetu, wewe tafuta kazi nyingine kwa utulivu"? Twawadai watu wachache walipe gharama yote ya maji safi tunywayo sisi sote. Hiyo si haki. Anayekataa kwa ajili yetu apaswa kula pamoja nasi.

Kwa hiyo twawaomba wazazi na wenzi wa ndoa jambo moja dogo. Mwenzako arudipo kazini, usimwulize tu kama mshahara umetoka. Mwulize siku moja, bila kumshtaki: "Huko kazini kuna jambo wakuagizalo lisilokupa usingizi?" Kama lipo, asikiwe mpaka mwisho. Kisha mketi mhesabu pamoja: akiba iliyopo, deni lililopo, ndugu awezaye kusaidia, kazi nyingine iwezekanayo. Mtu aliyefanya hesabu hiyo nyumbani aingia ofisini asubuhi akiwa mwingine. Labda msimamizi atalisogeza daftari mbele yake kama kawaida, na kumnyoshea kalamu. Ataweza kuirudisha mezani, akijua kwamba nyumbani wamekwisha kukubaliana.